UZI: Katika ugonjwa wa MS, seli za kinga zinafanya nini hasa ndani ya ubongo?

Mwanzisha uzi:

Salamu kwenu nyote.

Mara nyingi nimeshuhudia mgonjwa wa MS, yaani multipo sklerosisi, ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, akishauriwa na watu wanaomtakia mema atafute kitu cha kupandisha kinga ya mwili, kwa maelezo kwamba kinga yake imeshuka. Nimemuuguza ndugu yangu mwenye ugonjwa huu, na najua jinsi familia iliyochoka inavyoweza kushika kila ushauri unaoletwa mlangoni. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu ushauri huo unakwenda kinyume kabisa na ugonjwa wenyewe.

Ushahidi upo, nao ni mchungu. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo ambamo wagonjwa 18 wa MS walipewa intaferoni gama, kemikali ambayo seli za kinga huitoa ili kuziamsha seli nyingine zipambane. Wagonjwa 7 kati yao walipata shambulio jipya wakati wa matibabu, na dawa hiyo ikaachwa. Msiichanganye na intaferoni beta, iliyoruhusiwa huko Marekani mwaka 1993 na ambayo hupunguza mashambulio. Majina yanafanana, kazi zinatofautiana. Kinga iliyochochewa iliwaumiza watu wale, na kuanzia hapo swali halikuwa tena kama seli za kinga zinahusika, bali ni zipi, na kwa njia gani.

Kwanza tuuelewe ugonjwa. Jina lake linatokana na makovu magumu yaliyotawanyika katika ubongo na uti wa mgongo, ambayo daktari Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris aliyaeleza mwaka 1868 baada ya kulinganisha dalili za wagonjwa walipokuwa hai na hali ya ubongo wao baada ya kufa. Nyuzi za neva katika sehemu hizo zimeviringishiwa ala ya mafuta na protini iitwayo mayelini, inayotengenezwa na seli zinazoitwa oligodendrosaiti. Ala hiyo huacha mapengo madogo kila baada ya hatua fupi, na ishara ya neva huruka kutoka pengo hadi pengo, jambo linaloipa kasi yake. Mayelini ikiharibika, ishara hukawia au hukatika njiani, na mgonjwa anaweza kuona ukungu katika jicho moja, kupata ganzi mkononi au kukosa nguvu za miguu. Kwa wengi dalili hizo hudumu kwa siku au wiki kadhaa kisha hupungua, halafu shambulio jingine hutokea miezi au miaka baadaye.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa seli T, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu za kinga. Mwaka 1933 watafiti walionyesha kwamba nyani waliodungwa mara nyingi majimaji yaliyotokana na ubongo wa wanyama wengine walipata kupooza na mchochota ndani ya ubongo wao wenyewe, na kwa baadhi yao mayelini iliharibika. Hapakuwa na kijidudu chochote kilichopandikizwa. Mwili wa mnyama ulikuwa umefundishwa kuushambulia ubongo wake. Mwaka 1981 hatua muhimu ilipigwa pale watafiti walipokuza katika maabara seli T zinazoitambua protini moja ya mayelini, wakawadunga panya wenye afya, na seli hizo peke yake zikaleta ugonjwa. Nyingi za seli hizo ni zile zenye alama ya CD4, jina ambalo wengi wetu tumelizoea kutokana na kipimo cha watu wanaoishi na VVU. Ni seli zilezile saidizi, ambazo kazi yao ni kuziongoza nyingine.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulikosea, nami nililikosea kwa muda mrefu. Tunadhani kwamba mgonjwa wa MS ana seli T mbaya ambazo mtu mwenye afya hana. Sivyo. Seli T hufundishwa katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na zile zinazozishika kwa nguvu protini za mwili wenyewe huuawa huko kabla hazijatoka. Lakini mchujo huo haukamiliki kwa mtu yeyote, na seli T zinazoweza kuitambua mayelini zimepatikana pia katika damu ya watu wasio na ugonjwa wowote. Tofauti iko katika kuamshwa kwake, katika idadi yake baada ya kuamshwa, na katika kushindwa kwa zile zinazopaswa kuzizuia. Seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine, zilipopimwa katika maabara mwaka 2004 zilionekana kuwa dhaifu kwa wagonjwa wa MS zikilinganishwa na za watu wenye afya. Urithi nao una nafasi yake, kwa kuwa jeni yenye uhusiano mkubwa kuliko zote, HLA-DRB1*15:01, ambayo huongeza hatari takribani mara tatu, inahusika moja kwa moja na jinsi vipande vya protini vinavyoonyeshwa kwa seli za CD4.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mkosaji ni kundi la CD4 liitwalo Th1, linalotoa ile intaferoni gama. Baadaye likaongezwa kundi la Th17. Basi ikatengenezwa dawa inayozuia saitokaini mbili, yaani kemikali ambazo seli za kinga hutumia kupeana ishara, zinazoyalea makundi hayo: IL-12 na IL-23. Dawa hiyo, ustekinumabu, inawasaidia sana wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi, lakini matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba kwa wagonjwa wa MS haikuleta faida yoyote. Ilikuwa fundisho kubwa, kwamba panya wa maabara si binadamu. Isitoshe, ukitazama majeraha yenyewe katika ubongo wa binadamu kwa hadubini, seli T zilizo nyingi ni za CD8, zile zenye uwezo wa kuua seli nyingine moja kwa moja, ingawa ni CD4 zilizotawala mijadala kwa miongo mingi.

Suala la namna seli hizi zinavyoingia ndani ya ubongo ndilo ninaloliona kuwa na mafunzo mengi kuliko yote. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimeshonwa kwa kubana, na seli za kinga hazipiti ovyo. Seli T iliyoamshwa hubeba juu ya ngozi yake protini iitwayo integrini ya alfa 4, ambayo hunasa kwenye ukuta wa mshipa uliovimba, kisha seli hujipenyeza ndani. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwa wanyama kwamba ukiiziba integrini hiyo kwa kingamwili, seli hubaki ndani ya damu na mnyama hapati kupooza. Kutoka hapo ikazaliwa natalizumabu, iliyoruhusiwa nchini Marekani Novemba 2004 na kupunguza mashambulio kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kabla ya hapo. Miezi mitatu baadaye, Februari 2005, iliondolewa sokoni. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wamepata PML, ugonjwa wa ubongo unaosababishwa na kirusi cha JC, ambacho watu wazima wengi wanacho mwilini bila kudhurika.

Tafakarini maana yake. Dawa ile haikuziua seli T. Ilizizuia tu zisivuke ukuta. Kule ndani, kirusi kilichokuwa kimelala kikaamka na kuzila oligodendrosaiti zilezile ambazo matibabu yalikusudia kuziokoa. Kwa hiyo seli T huingia ubongoni mwa kila mmoja wetu zikiwa doria, na bila doria hiyo hatuko salama. Dawa ilirudishwa mwaka 2006 kwa masharti makali, na siku hizi mgonjwa hupimwa kingamwili za kirusi cha JC ili hatari yake ijulikane. Fingolimodi, kidonge cha kwanza cha MS kilichoruhusiwa mwaka 2010, hutumia njia nyingine, ya kuzifungia seli nyingi za limfu ndani ya tezi za limfu zisitoke kuingia kwenye damu.

Nitasimama hapa kwanza, maana seli B, zile za ukoo unaotengeneza kingamwili, zinahitaji nafasi yake. Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu mwanzisha uzi, asante kwa somo zuri. Mimi nilipopimwa, daktari alichukua maji ya uti wa mgongo akasema yana kingamwili zisizo za kawaida. Nikadhani kwamba kingamwili hizo ndizo zinazonila mayelini. Sasa wewe umesema habari za seli T tu. Je, nilielewa vibaya?

Mwanzisha uzi:

Pole sana, ndugu yangu, na asante kwa kutueleza ya kwako. Hukuelewa vibaya, hata wataalamu walifikiri hivyo kwa muda mrefu.

Tangu mwaka 1942 imejulikana kwamba maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wengi wa MS yana kingamwili kupita kiasi. Zikitenganishwa kwa umeme hujipanga katika mistari michache iliyokoza, ishara kwamba zimetoka katika familia chache za seli B zilizojikita ndani ya ubongo na utando wake. Mistari hiyo huonekana kwa takribani wagonjwa 9 kati ya 10, na bado ni msaada mkubwa katika kuutambua ugonjwa.

Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya jaribio la rituksimabu, dawa inayoziua seli B zenye alama ya CD20. Wagonjwa 104 walishiriki, na katika waliopewa dawa, majeraha mapya yaliyoonekana kwa MRI yalipungua sana ndani ya wiki chache tu. Sasa angalia jambo la ajabu. Kingamwili hutengenezwa na seli za plazima, ambazo ni seli B zilizokomaa na kuipoteza alama ya CD20, kwa hiyo dawa ile haizigusi. Kingamwili zilibaki karibu zilivyokuwa, ilhali mashambulio yalipungua.

Ina maana kwamba madhara makubwa ya seli B katika mashambulio hayatokani na kingamwili. Seli B humeza protini, huikata vipande, huvionyesha kwa seli T, na hutoa saitokaini zinazozichochea. Kwa maneno mengine, seli T hutenda, lakini seli B ni miongoni mwa wanaozipa amri na kuzipa moyo. Ukiziondoa, seli T hupoa. Okrelizumabu, inayofuata njia hiyohiyo, iliruhusiwa Marekani mwaka 2017, nayo ilikuwa ya kwanza kuruhusiwa kwa ile aina ya MS inayozidi polepole tangu mwanzo.

Lakini msikimbilie kusema kwamba kila seli B ni adui. Dawa nyingine, atasisepti, ilizuia ishara zinazozikuza seli B na kuzihifadhi seli za plazima. Kila mtu aliitarajia isaidie zaidi, ila wagonjwa waliopewa walipata mashambulio mengi kuliko waliopewa dawa bandia, na jaribio likasimamishwa. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ndani ya ukoo wa seli B zimo pia seli tulivu zinazotoa saitokaini ya kutuliza iitwayo IL-10 na kuuzuia mchochota, nazo ziliondolewa pamoja na zile mbaya.

Mchangiaji wa tatu:

Mkuu, nina swali linaloniumiza. Mama yangu hajapata shambulio kwa miaka mingi, na kila MRI inaonyesha hakuna jeraha jipya. Hata hivyo alianza na fimbo, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kama seli zimezuiwa kuingia, nani anaendelea kumwumiza?

Mwanzisha uzi:

Mwenzangu, umegusa mahali ambapo matibabu ya leo ni dhaifu zaidi. Mpe mama pole zangu.

Ugonjwa huu una sura mbili, nazo hukaa pamoja tangu mapema kuliko tulivyodhani. Sura ya kwanza ni ya seli zinazotoka nje, kuvuka mshipa wa damu na kuleta shambulio. Sura ya pili ni ya seli zilizokwisha kuwa ndani, nyuma ya ukuta uliojifunga tena, ambako dawa nyingi hazifiki vizuri. Muhimu kati ya hizo ni mikroglia, seli za kinga za ubongo wenyewe, ambazo hazitoki kwenye uboho kama seli nyingine za kinga; huhamia ubongoni mimba ikiwa bado changa sana, zikitokea kwenye kifuko cha kiinitete, na hudumu humo maisha yote.

Baadhi ya majeraha ya MS hayaponi wala hayatulii. Katikati huwa kovu, lakini kingoni kuna mduara wa mikroglia na makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza mabaki, zilizojaa madini ya chuma, zinazoendelea kuila mayelini kidogo kidogo na kutanua jeraha kwa miaka. MRI ya kawaida huyaona majeraha hayo kama ya zamani. Ni picha maalumu zinazohisi chuma ndizo huonyesha mduara ule. Wagonjwa wenye majeraha mengi ya namna hiyo hulemaa mapema zaidi. Tena, katika utando unaofunika ubongo wa baadhi ya wagonjwa waliofikia hatua hii, yamekutwa makundi ya seli B yaliyojipanga kama yale ya ndani ya tezi za limfu, na chini yake gamba la ubongo limeharibika.

Hata hivyo mikroglia hazistahili hukumu ya upande mmoja. Mayelini iliyoharibika huacha mabaki, na mabaki hayo huzizuia seli changa zisikomae kuwa oligodendrosaiti zinazoweza kuviringisha ala mpya. Mikroglia na makrofaji ndizo huyasafisha. Ukizifuta zote, unafuta pia uwezo wa ubongo kujitengeneza.

Utafiti wa jeni unaielekeza akili upande huohuo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 47,000, ulipata alama 233 za urithi zinazohusiana na kuupata ugonjwa, nyingi zikihusu seli T, seli B na pia mikroglia. Lakini mwaka 2023 ilipotafutwa alama inayohusiana na ukali wa ulemavu, iliyopatikana iko jirani na jeni zinazofanya kazi zaidi katika ubongo na uti wa mgongo. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi mzito kwamba kuanza kwa ugonjwa ni habari ya kinga, ilhali mwendo wake wa baadaye unategemea pia ustahimilivu wa neva zenyewe.

Tumaini lipo, ingawa halijakamilika. Tolebrutinibu ni kidonge kinachoingia ubongoni na kuzuia kimeng'enya kiitwacho BTK, kilichomo katika seli B na pia katika mikroglia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kwa wagonjwa walio katika hali kama ya mama yako, wasiopata tena mashambulio, hatari ya ulemavu kuongezeka ilipungua kwa asilimia 31 ikilinganishwa na dawa bandia. Katika kupunguza mashambulio, kidonge hichohicho hakikushinda dawa ya zamani iliyolinganishwa nacho. Matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yanaonyesha kwamba sura hizi mbili zina njia tofauti. Ini la baadhi ya waliokitumia lilidhurika, na jambo hilo halipaswi kufichwa.

Mchangiaji wa nne:

Nimesikia kwamba MS inaletwa na kirusi cha Epstein-Barr. Kama karibu kila mtu mzima anacho, hoja hiyo inasimamaje?

Mwanzisha uzi:

Inasimama, ila kwa masharti. Utafiti wa mwaka 2022 ulitumia kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani na sampuli za damu zilizokuwa zimehifadhiwa. Walipatikana watu 801 waliougua MS na wenye sampuli za kutosha. Kati yao 35 hawakuwa na kirusi hicho mwanzoni, na 34 kati ya hao waliambukizwa kabla ya MS kuanza. Hatari ya kuugua iliongezeka mara 32 baada ya maambukizi hayo, na haikuongezeka kwa virusi vingine vilivyopimwa kwa kulinganisha. Kwa hiyo kirusi hicho kinaelekea kuwa karibu sharti la lazima, lakini hakitoshi peke yake. Urithi na visababishi vingine navyo vina nafasi yake.

Uhusiano wake na uzi huu ni kwamba kirusi hicho hukaa maisha yote ndani ya seli B. Mwaka huohuo watafiti walionyesha kwamba baadhi ya kingamwili zilizotoka katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa huishika protini ya kirusi iitwayo EBNA1 na pia huishika GlialCAM, protini ya ubongo, kwa sababu sehemu za protini hizo zinafanana. Hapo kinga haijapotea njia kwa uzembe. Imemfuata adui wa kweli, ikakosea sura.

Mchangiaji wa tano:

Dada yangu anatarajia kuanza dawa ya kuondoa seli B mwezi ujao, na ndugu wanamkataza wakisema kwamba itammaliza kinga. Nimwambie nini?

Mwanzisha uzi:

Mwambie kwamba hofu yao ina msingi, lakini uamuzi wao haufuati. Dawa hizo haziondoi kinga yote: seli za plazima zilizopo hubaki, seli T nyingi hubaki, na uboho huendelea kutengeneza seli B mpya ambazo hurudi baada ya miezi. Kinachopungua ni uwezo wa kutengeneza kingamwili mpya, na kwa hiyo chanjo hufanya kazi hafifu zikitolewa baadaye. Kwa okrelizumabu, maelekezo ni kwamba chanjo zenye vijidudu hai zikamilike angalau wiki 4 kabla ya kuanza, na zile zisizo hai ikiwezekana wiki 2 kabla, kwa hiyo akazungumze na daktari wake wiki hii, asingoje mwezi ujao. Lazima pia apimwe homa ya ini aina ya B kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu kirusi kilicholala kinaweza kuamka. Na akipata homa au kikohozi kisichoisha akiwa kwenye dawa, aende hospitali mapema na ataje jina la dawa anayotumia hata kama hajaulizwa.